Mafuta Juu ya Ngozi ya Bawa

Kama kuna kitu Evelina Maige hakukivumilia duniani, ni mkono wenye mafuta. Usicheke. Evelina alikuwa mkaguzi wa kiwanda cha mabawa ya ndege pale Nyakato, na asubuhi akienda kazini alikuwa hajipaki hata tone la losheni, ngozi ikauke, ipasuke, shauri yake. Mchana akila ugali na sato anakula kwa kijiko, na akimaliza anaosha mikono kwa sabuni hadi wenzake wanamtania kwamba anajiandaa kumpasua mtu. Mama yake mzazi alikwisha kusema kuwa huyu mtoto kazi imemrusha akili. Kumbe mwenzao alikuwa anajua anachokiogopa.

Kiwanda chenyewe kilikuwa hakitumii bati wala mbao. Ngozi ya bawa, yaani lile ganda la nje, ilitengenezwa kwa utepe mweusi wa nyuzi za kaboni zilizolowa gundi. Utepe huo unakaa kwenye friza hadi siku ya kazi, ukitoka hapo unakabidhiwa Ngosha. Ngosha si mtu. Ni roboti, mkono mmoja mrefu wa chuma unaotembea juu ya reli, na wafanyakazi walimpa jina hilo la Kisukuma, yaani mwanamume, walipomwona anapiga kazi kutwa nzima bila kuomba hata maji ya kunywa. Anaulaza utepe juu ya kalibu, lile umbo la kufinyangia bawa, ubavu kwa ubavu, tabaka juu ya tabaka, anaukandamiza kwa rola, anaukata, anarudi kuanza upya. Akimaliza, kazi inafunikwa, inanyonywa hewa yote, inaingizwa kwenye tanuri kuiva. Ikiiva sawasawa, matabaka yote yanakuwa kitu kimoja, huyabandui hata kwa patasi. Lakini kukiwa na uchafu katikati, jasho, mafuta, alama tu ya kidole, pale hapashiki. Kwa nje ngozi inang'aa vizuri kabisa. Ndani imeachana, na itakuja kujulikana siku ndege iko hewani.

Na ndege zenyewe? Ni zile ndogo zinazovuka ziwa kwenda Ukerewe, Ukara na visiwa vingine kuchukua wagonjwa. Suzana, mdogo wake Evelina wa tumbo moja, alikuwa muuguzi katika ndege hizo. Yeye ndiye anayekaa nyuma na mjamzito anayetoka damu, anamshika mkono, anamwambia tunakaribia, mama, tunakaribia. Kwa hiyo Evelina alipokuwa anakagua bawa, alikuwa anakagua kitu kitakachombeba mdogo wake. Hilo lilijulikana kiwanda kizima, na mkurugenzi alilijua kuliko wote.

Mkurugenzi huyo ni Alexander Nkwabi. Mwanamume nadhifu, mpole wa maneno, mwenye tabasamu linalomfanya mtu amkopeshe. Shida ilipoanza alikuwa na jibu la kila mtu. Na shida yenyewe ilikuwa mapovu: ngozi zinatoka tanurini zina vipovu vipovu ndani, Evelina anazikataa, zinarundikwa uani. Evelina alimweleza sababu hadi akachoka. Umeme ukikatika, friza linapata joto, utepe unalegea na kunyonya unyevu, na unyevu huo ndio unaogeuka mapovu kwenye moto. Dawa ni jenereta. Na jenereta lilikuwepo! Lilinunuliwa siku moja na friza. Ila Alexander alikuwa amelihamishia shambani kwake Buswelu, linavuta maji ya kumwagilia matikiti. Kila akikumbushwa anasema, "Nalirudisha wiki hii, dada Evelina, usiwe na presha." Wiki hiyo mpaka leo inasubiriwa.

Badala ya jenereta likaja neno. Kwamba kiwanda kimejengwa juu ya makaburi ya watu. Kwamba wenyewe wamekasirika, ndiyo maana mabawa yanaharibika. Evelina alichunguza neno hilo lilikoanzia, na lilianzia ofisini, kwenye meza ya Alexander mwenyewe. Basi watu wakaacha kuulizia jenereta, wakabaki kunong'ona habari za makaburi wakiwa kwenye foleni ya chai. Ujanja wa kishenzi kabisa, na ulifanya kazi.

Aliyelia kwa sababu ya hayo makaburi ni Gladness, mke wa Alexander. Huyu hakuwa mnafiki, na ni haki kulisema hilo mapema. Mama wa sala kwelikweli, anafunga, anatembelea wagonjwa, na neno la mumewe kwake lilikuwa halina swali. Alipoambiwa kiwanda kina mkono wa giza, alikwenda Igoma kumwalika Nabii Owiti, mwenye kanisa la mabati kando ya barabara ya Musoma, aje akiombee.

Ijumaa ya maombi hayo Evelina alikuwa uani akipima ngozi ya zamani. Akasikia nyimbo. Akadhani ibada inafanyika kwenye bwalo la chakula, ambako hata yeye alipanga kwenda, maana na yeye ni Mkristo, haogopi maombi. Aliporudi ndani akakuta milango ya chumba cha Ngosha imefunguliwa yote miwili na kuegeshewa matofali isijifunge.

Chumba kile! Chumba ambacho mtu haingii bila ovaroli nyeupe, kofia, barakoa na viatu vya humo humo ndani. Sasa kilikuwa kimejaa watu na viatu vyao vya matope. Wageni walikuwa wametoka kula pilau, wengine bado wanalamba vidole, mmoja ameegemea reli ya Ngosha akijichokonoa meno na kutema vipande chini. Mtoto wa mtu alikuwa anajikuna kichwa juu ya marobota ya utepe. Harufu ya jasho na kuku na manukato ilimpiga Evelina usoni hadi mate yakamjaa mdomoni, yale mate ya mtu anayetaka kutapika.

Katikati yao alisimama Nabii Owiti, suti ya rangi ya maziwa, jasho linamchuruzika kidevuni, mkononi chupa ya mafuta ya upako yaliyotiwa marashi ya waridi. Alikuwa amekwisha kupaka mlango, amepaka ukuta, amepaka mguu wa roboti. Kufikia hapo hakukuwa na uchafu ambao kitambaa na spiriti visingeutoa. Ngosha mwenyewe alikuwa anaendelea na kazi, kalibu imelala mbele yake na ngozi ya bawa iko nusu.

"Mkurugenzi," Evelina alimnong'oneza Alexander, "toa watu humu. Nakuomba."

"Tulia, dada. Tunamaliza sasa hivi."

"Mafuta yasikaribie kalibu. Mwambie apake paa, apake geti, anipake hata mimi. Pale hapana."

"Usinitie aibu mbele ya wageni," Alexander alisema, na tabasamu lake halikupungua hata kidogo.

Halafu, kwa kuwa kulikuwa na simu zinapiga picha, akataka aonekane. Akakinga kiganja kwa Nabii, akajaziwa mafuta hadi yakatiririka kwenye mkono wa shati, akageuka na kukipiga kile kiganja chote, pwaa, juu ya ngozi ya bawa. Akakikandamiza pale. Akafumba macho. "Nakikabidhi kiwanda hiki!" akapaza sauti. Watu wakaitikia amina. Gladness alikuwa analia machozi ya kweli.

Ngosha akafika pale penye mafuta. Ana kamera kichwani inayotazama kila utepe unapolala. Akasimama. Taa nyekundu ikaanza kuwaka na kuzima.

"Limeona!" mama mmoja alipiga kelele. "Pepo limeona mafuta!"

"Limekwama! Halina nguvu tena!"

Wewe! Chumba kikalipuka kwa vigelegele. Roboti ya watu imeona uchafu, imesimama inavyopaswa, na watu wazima wanaikemea itoke. Evelina alimtazama Mayala, fundi anayemwendesha Ngosha, mtu mzima mwenye wajukuu. Mayala naye alikuwa ameshika kofia yake kifuani hajui aitazame taa au amtazame bosi.

"Zima hiyo kamera, mzee Mayala," Alexander alisema. "Aendelee."

"Mzee Mayala, usizime," Evelina alisema.

Mayala akavaa kofia yake. Akazima. Ngosha akainama, akaulaza utepe juu ya mafuta kwa utulivu ule ule aliozoea, rola ikapita, mafuta yakaminywa yakatoka pembeni ya utepe, yakametameta, na utepe mwingine ukaja ukayafunika. Evelina alitoka mbio. Alifika ukutani nje akainama na kutema, akatema tena, na mkono alioshikia ukuta aliusugua kwenye suruali kana kwamba ni yeye aliyeshika yale mafuta.

Ngozi ilipotoka tanurini ilikuwa nzuri ya kupigiwa mfano. Nyeusi, laini, haina kipovu. Siku hizo umeme ulikuwa haujakatika, basi hakukuwa na mapovu, na kiwanda kizima kikasema mmeona? Evelina alichukua sarafu mfukoni akaanza kugonga, ndivyo wakaguzi wanavyoanza, unagonga na kusikiliza. Ti, ti, ti, sauti kavu, safi. Akasogea. Ti, ti. Akasogea tena. Pu. Pu, pu. Pale palijibu kizito, palipwaya.

Akaleta mashine ya mawimbi ya sauti, ndugu yake ile wanayowapimia wajawazito, akaipitisha polepole. Kwenye kioo pakajichora doa. Doa likawa kiganja. Kiganja kikaota vidole vyote, vimetanuka vizuri, na kidole gumba kimekaa upande wake. Mkono mzima wa mkurugenzi umelala ndani ya bawa. Evelina angeona mjusi amekaushwa humo ndani asingechukizwa vile.

Alimkuta Alexander ofisini anakata tikiti la Buswelu. Maji yanamtiririka hadi kwenye viwiko, mbegu zimetapakaa juu ya meza.

"Karibu tikiti, dada Evelina. Tamu hili."

"Asante, nimeshiba. Ile ngozi imeachana ndani. Nimeikataa."

Alexander aliendelea kutafuna. Evelina akamwekea picha mbele yake. Akaitazama, akaacha kutafuna, akaisukuma kwa ncha ya kisu.

"Pameachana padogo."

"Pameachana mkono mzima! Ndege ikipigwa na upepo wa ziwa hapo ndipo patakapoanza kufunguka. Twende uikague mwenyewe, ugonge kwa mkono wako."

Akaenda. Hilo ndilo lililomkera Evelina baadaye kuliko yote: mtu huyu alikwenda, akagonga, akasikia. Ti, ti, pu. Akarudia pale pale, pu, pu, na uso ukamshuka. Alijua. Kisha akatia sarafu mfukoni kwake, akajifuta mdomo, na tabasamu likarudi.

"Dada Evelina, wewe ni msomi, lakini usiwe mgumu wa moyo. Hii kazi imetiwa mafuta mbele ya watu. Nikisema tuikate, wale watu nitawaambia nini? Mke wangu nitamwambia nini? Kwamba upako umeharibu bawa?"

"Mwambie mafuta yameharibu bawa. Upako sijui, mimi napima mabawa."

"Mungu ndiye anayeshika ndege hewani."

"Suzana anapanda hiyo ndege!"

"Najua. Na unadhani mimi nitataka mdogo wako adhurike? Mimi namwombea kila siku." Akamgusa begani. Mkono bado unanata maji ya tikiti. Evelina akajikunyata, akaenda moja kwa moja bombani kuosha ile blauzi akiwa ameivaa.

Alijaribu kwa wenzake. Alimwomba Mayala aikate ile ngozi kwa grenda yeye akiwa ameshika, lawama zote zije kwake. Mayala alikataa kwa kichwa, akatazama chini.

"Dada, ile kitu imeombewa. Mimi nina wajukuu."

Hellen wa idara ya kukata, msichana asiyeogopa hata nyoka, naye akarudi nyuma. "Nitamkatia nani kitu cha Mungu? Hapana, dada yangu. Mikono ikioza je?"

Evelina akasonya kwa nguvu hadi Hellen akashtuka. Walikuwa tayari ndege ianguke na watu kuliko kushika grenda. Lakini hakuwa na haki ya kuwachukia sana, walikuwa wameaminishwa na mtu wanayemwamkia kila asubuhi. Akaona basi, afuate aliyetia mafuta. Nabii mwenyewe akisema ikatwe, nani atabisha?

Nabii Owiti alikuwa nyuma ya kanisa lake Igoma anakula kichwa cha sangara. Alikuwa amevua koti la suti, amekunja mikono, ananyonya jicho la samaki kwa sauti. Evelina alimwamkia, akakaa kwenye kigoda, akaeleza yote. Na Nabii alisikiliza. Hakuwa mjinga hata kidogo. Aliuliza maswali ya maana, akaelewa mafuta yanafanya nini kati ya tabaka na tabaka, akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Mimi nilipaka mlango na mguu wa mashine," alisema. "Pale juu aliyeweka mkono ni mkurugenzi."

"Ndiyo, Mtumishi. Sasa njoo uwaambie hivyo hivyo. Waambie ngozi ikatwe, itengenezwe nyingine."

Nabii alitoa mwiba mdomoni, akaukagua, akauweka ukingoni mwa sahani pamoja na miiba mingine.

"Dada, nikisimama nikasema yale mafuta yaliharibu kitu, Jumapili nitahubiri nini?"

Alisema hivyo taratibu kabisa, kama mtu anayeulizwa bei ya nyanya.

"Wewe ungepanda hiyo ndege?" Evelina akauliza.

"Mimi?" Nabii alicheka kweli, mabega yakatikisika. "Mimi ndege naogopa toka zamani. Hata Dar naenda kwa basi." Kisha akamkaribisha samaki.

Evelina aliondoka hajui hasira zake aziweke wapi. Angekuwa amekutana na tapeli wa kelele angalau angemtukana. Huyu alikuwa mtu mpole, anayejua ukweli, anayeula pamoja na samaki wake.

Jumamosi ya wiki iliyofuata, asubuhi, alifika kiwandani akakuta lori la kampuni ya ndege limekwisha kuingia. Ngozi ilikuwa imepakwa rangi nyeupe, imelazwa juu ya magodoro kwenye kreti, na Alexander ameipitisha kwa mkono wake mwenyewe kwa kuwa mkaguzi ana "msongo wa mawazo". Hayo Evelina aliyasikia getini kwa mlinzi. Wiki ijayo itafungwa kwenye ndege, na wiki hiyo hiyo Suzana alikuwa zamu. Evelina alikuwa amekwisha kumpigia mdogo wake usiku akamwambia asipande, na Suzana akajibu, "Nisipande, halafu wagonjwa wapande na nani?"

Gladness alikuwepo, amekuja kulisindikiza bawa lake la kwanza lililobarikiwa. Amevaa kitenge kipya na viatu vya harusini, watoto wake wawili wamevalishwa nguo za kanisani. Wafanyakazi walikuwa wamepanga mistari miwili, wanaimba.

Evelina alipita katikati yao, akapanda nyuma ya lori, akakaa juu ya kreti. Wimbo ukafa.

"Shuka, dada Evelina," Alexander alisema.

"Sishuki."

"Unaumwa. Shuka tuongee ofisini."

"Ofisini tumeongea. Mbele ya wote hawa nasema, bawa hili limeachana ndani, na wewe uligonga ukasikia. Sina maneno mengi. Kama unaona ni zima, likifungwa, panda wewe kwanza. Zungusha ziwa, rudi. Ukirudi naomba msamaha hapa hapa kwa kupiga magoti na naacha kazi."

Alexander alifungua mdomo, lakini mke wake akamtangulia.

"Hilo tu?" Gladness alisema. Alikuwa anatabasamu, hana hasira, anamwonea Evelina huruma. "Dada yangu, hilo tu ndilo linalokusumbua? Mbona rahisi! Tutapanda. Mimi na baba na watoto, familia nzima. Si ndiyo, baba Abigaeli?"

Wafanyakazi wakapiga makofi. Mtoto mkubwa, Abigaeli, akaanza kurukaruka, anapanda ndege, anapanda ndege.

"Watoto wana shule," Alexander alisema.

"Tutapanda Jumamosi kama leo."

"Abigaeli anaogopa vitu vya juu."

"Siogopi baba!"

Watu wakacheka. Alexander naye akacheka, ila jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. Gladness akamshika mkono, akawageukia wafanyakazi. "Nampigia Nabii tuweke na siku. Tutamtukuza Mungu hewani!" Akatoa simu kwenye pochi.

"Weka simu," Alexander alisema.

"Mara moja tu, namwambia..."

"Nimesema weka simu! Hampandi! Wewe na watoto hampandi hiyo ndege!"

Ilitoka kwa sauti kubwa, mpaka dereva wa lori akachungulia dirishani. Gladness alibaki na simu sikioni. Akamtazama mumewe, na ile furaha ikaanza kumtoka usoni kidogo kidogo.

"Kwa nini tusipande?"

"Si kwamba... Tungoje kwanza iruke iruke kidogo. Tuone. Waanze watu wengine."

"Watu wengine kina nani?"

Alexander akajifuta jasho. Akatazama huku na huku, akateremsha sauti, lakini uani pale kulikuwa kimya na kila mtu alisikia.

"Mama Abigaeli, si kuna wagonjwa? Wale watasafiri tu, wapende wasipende. Wengi wao hali zao unazijua."

Hellen aliziba mdomo kwa kiganja. Evelina, juu ya kreti, alidhani amemaliza kuchukizwa na mtu huyu, kumbe alikuwa bado. Kichefuchefu kilimpanda upya hadi kooni, na safari hii hakikuwa cha mafuta wala jasho la wageni. Kilikuwa cha mwanamume aliyesimama pale amevaa shati safi.

Gladness alirudisha simu kwenye pochi. Ilimchukua muda, zipu ilikuwa inakataa. Kisha akamwita Mayala.

"Shikamoo, mzee Mayala."

"Marahaba, mama."

"Leta hicho kitu cha kukatia."

"Mama, hii imeombewa..."

"Niliyeomba ni mimi," Gladness alisema. "Kata."

Waliteremsha kreti. Mayala akavaa miwani, akaiwasha grenda, na Evelina akamwonyesha kwa kidole pa kupita. Vumbi jeusi likaruka. Alipofika katikati ya kile kiganja, ngozi ililia kidogo, ka, na yenyewe ikafunuka. Matabaka yalibanduka bila kushikwa, kila moja likiinuka peke yake. Katikati yake kulikuwa kumeganda ukoko wa manjano unaonata, umepikwa tanurini hukohuko ndani. Harufu ikatoka: mafuta yaliyochacha, yaliyoungua, na juu yake yale marashi ya waridi. Waliokuwa mbele wakarudi nyuma. Mlinzi akatema mate chini. Mayala alizima grenda, akavua miwani, akaikalisha ile mashine chini pole pole na kusimama akiitazama mikono yake. Haikuwa imeoza.

Gladness aliinama, akanusa. Akapitisha kidole kwenye ule ukoko, akakitazama. Kisha akatapika pale pale, juu ya viatu vyake vya harusini, mara moja na mara ya pili, huku Evelina amemshika mabega na watoto wameanza kulia.

Alexander alikuja mbio na leso. "Mke wangu. Mke wangu, pole, kaa hapa..."

"Usinishike."

"Mama Abigaeli, watu wanatutazama."

"Nimekwambia usinishike na huo mkono."

Alijifuta mdomo kwa pindo la kitenge kipya. Akamwinua mtoto mdogo, akamshika Abigaeli, akatoka nao getini kwa miguu, gari la mumewe likiwa limeegeshwa pale pale kivulini. Alexander alibaki katikati ya uwanja, mkono umenyooka na leso inaning'inia. Ilibidi pafagiliwe, pamwagwe maji, na vifagio vilikuwa stoo, nyuma yake. Wafanyakazi wakaenda kuvichukua mmoja mmoja. Kila aliyempita alizunguka mbali, na akina mama wakakusanya nguo zao zisije zikamgusa.